Rili ya Kiini Kipana au ya Kawaida? Uliza Kwanza Samaki Wako Anakimbia Umbali Gani

Swali ninaloulizwa zaidi na watu wanaoanza uvuvi wa nzi hapa Kenya, yaani kuvua kwa ndoana iliyovishwa mfano wa mdudu, linahusu rili, kile kifaa cha kwenye rodi cha kukunjia mshipi: ninunue yenye kiini kipana au ile ya kawaida? Wauzaji wameshawajibia. Ukifungua tovuti za maduka ya nje utakuta karibu kila rili mpya ina kiini kipana, na ile ya kawaida imesukumwa kwenye kona ya vitu vya bei nafuu. Naona jibu hilo limetolewa kwa haraka mno, hasa kwa mtu ambaye maji yake ni mito ya milimani kama Sagana, Thiba au Gura, na ambaye pesa ya rili ameikusanya kidogo kidogo.

Kiini ninachosema ni ile sehemu ya katikati ya spuli, gurudumu la rili linalobeba mshipi, pale mshipi unapoanza kuzungushwa. Kwenye rili ya kawaida ni chembamba, kipenyo chake huwa sentimita 2 hivi. Kwenye rili ya kiini kipana kinaweza kufika sentimita 6 au kuzidi, na spuli nzima huwa na uwazi mkubwa katikati. Tofauti nyingine zote zinatokana na hiyo moja, kwa hiyo nitaanza na hesabu yake.

Chukua rili ya kawaida ambayo ikijaa ina kipenyo cha sentimita 7.5. Mzunguko mmoja wa mkono unaingiza mshipi wa sentimita 23 na ushei. Sasa samaki akimbie, mshipi upungue mpaka kipenyo cha kilichobaki kiwe sentimita 4. Mzunguko uleule wa mkono sasa unaingiza sentimita 12 na nusu tu. Chukua tena rili ya kiini kipana iliyojaa hadi sentimita 9, na samaki huyohuyo aipunguze mpaka sentimita 7. Hapo bado kila mzunguko unakupa sentimita 22. Ukitaka kurudisha mita 10 za kwanza, rili ya kawaida inakudai mizunguko karibu 80, ya kiini kipana kama 45. Samaki akigeuka ghafla na kuja upande wako, hiyo mizunguko 35 ndiyo inayoamua kama mshipi utabaki umekaza au utalegea na ndoana itoke.

Hilo wauzaji hulieleza vizuri. Wasilolieleza sana ni breki, na kwa maoni yangu breki ndiyo sababu kubwa zaidi. Breki hushika ekseli ya spuli, haishiki mshipi wenyewe. Nguvu inayomfikia samaki inategemea umbali kati ya ekseli na pale mshipi unapotokea. Umbali huo ukipungua kwa nusu, nguvu inaongezeka mara mbili, hata kama hujagusa kitufe cha breki. Tuseme umeiweka breki kwenye kilo 3 rili ikiwa imejaa. Kwenye ile ya kawaida, kipenyo kikishuka kutoka 7.5 hadi 3.75, samaki anavuta dhidi ya kilo 6. Juu ya hapo kuna mamia ya futi za mshipi zinazokokotwa majini, nazo zina uzito wake. Kama lida yako, ule uzi mwembamba unaounganisha mshipi na nzi, inahimili kilo 9, sasa umeukaribia ukomo wakati ambapo samaki yuko mbali kabisa na wewe huna la kufanya. Kwenye kiini kipana, kushuka kutoka sentimita 9 hadi 7 kunapandisha kilo 3 zile hadi chini kidogo ya 4. Mvuvi mzoefu wa rili ya kawaida hulegeza breki kadiri mshipi unavyotoka, lakini kulikumbuka hilo samaki akiwa anakimbia si jambo dogo.

Faida ya tatu inahusu mshipi wenyewe. Mshipi wa nzi wa siku hizi una uzi wa katikati uliofunikwa plastiki. Ukikaa miezi kadhaa umeviringwa kwenye kitu chembamba, hutoka na mapindi madogo yaliyokaza, nao haunyooki hewani wala haulali vizuri juu ya maji. Ukienda pwani, angalia wavuvi wa mshipi wa mkono wanavyouhifadhi: wengi huuzungushia chupa ya plastiki au ubao mpana, na mtu akikupa mshipi uliozungushwa kwenye kijiti utaujua mara moja unapoutupa. Kanuni ni hiyohiyo.

Basi kama kiini kipana kina faida zote hizo, kwa nini watu walivua kwa karne nzima na kiini chembamba? Jibu liko kwenye mshipi wa zamani. Mwaka 1874 Charles Orvis wa Vermont, Marekani, alipata hataza ya rili nyembamba iliyotobolewa matundu ubavuni. Matundu yale yalikuwa ya kupitisha hewa, kwa sababu mshipi wa wakati huo ulikuwa wa hariri, na hariri ikikaa na maji huoza. Uingereza nako, kule Alnwick, kampuni ya Hardy ilianza kutengeneza rili yake ya Perfect mwishoni mwa karne ya 19, na mfano wake bado unatafutwa na watu hadi leo. Hariri ni nzito kuliko plastiki, kwa hiyo mshipi wa hariri wenye uzito fulani ni mwembamba kuliko wa plastiki wenye uzito huohuo. Ulitosha kwenye rili ndogo. Tena mvuvi aliutoa kwenye rili jioni akauanika, kwa hiyo suala la mapindi halikuwa kubwa. Plastiki ilipoingia miaka ya 1950, mishipi ikanenepa na watu wakaacha kuianika. Rili hazikubadilika papo hapo. Rili za kiini kipana zilikuja kushika soko miongo kadhaa baadaye, na kampuni ya Loop ya Sweden inatajwa sana miongoni mwa walioanzisha mtindo huo.

Sasa twende mtoni.

Trauti si samaki wa asili wa huku. Mwaka 1905 Ewart Grogan, yule aliyejulikana kwa safari yake ya miguu kutoka Cape hadi Cairo, aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Uskoti, na samaki wakapandikizwa katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Trauti wa upinde wa mvua walifuata baadaye. Leo kituo cha Kiganjo, karibu na Nyeri, kinazalisha vifaranga, na mito inayoteremka kutoka Mlima Kenya na Aberdare ina samaki kwa viwango tofauti. Ni mito myembamba na baridi. Vidimbwi vyake vimekatwakatwa na mawe, na kingo zimefunikwa na mianzi. Trauti wa sentimita 25 hapo ni samaki wa heshima, na wa 40 utasimuliwa mtaa mzima.

Samaki huyo akishika nzi, anafanya nini? Anaruka, anazama chini ya jiwe, anajaribu kuteremka na mkondo mpaka kwenye kidimbwi kinachofuata. Anasogea mita 5, pengine 10. Mshipi wa nzi una urefu wa mita 27 hivi, na nyuma yake ndipo inapoanza bekingi, ule uzi mwembamba wa akiba. Kwenye mito yetu ya milimani sijawahi kuiona bekingi ikitoka kwa sababu ya trauti. Kusema kweli, mara nyingi samaki haletwi kwa rili kabisa. Unavuta mshipi kwa mkono wa kushoto, unaubana kwa kidole cha mkono wa kulia juu ya rodi, unamleta mpaka miguuni. Rili imekaa pale chini ikishikilia mshipi ambao hautumiki.

Rudi kwenye hesabu. Mita 10 zikiwa nje, rili ya kawaida iliyojazwa vizuri bado ina kipenyo cha sentimita 6.5 hivi, na ya kiini kipana 8.5. Kurudisha mita hizo ni mizunguko karibu 50 kwa ya kwanza na 37 kwa ya pili. Tofauti ipo, lakini hakuna trauti wa Thiba anayeweza kuitumia kukushinda. Breki nayo haijabadilika kiasi cha kuhesabika. Faida mbili kubwa za kiini kipana zinaanza kuonekana pale samaki anapokwenda mbali, na huku samaki haendi mbali.

Kuna na upande wa pili wa shilingi. Mapindi mapana ya kiini kipana hukaa yamelegea, na unapovuka mianzi yakigongwagongwa hufunguka na kuteleza juu ya ukingo wa spuli. Ncha ya lida ni nyembamba sana, na ikipata upenyo kati ya spuli na fremu huingia nyuma ya spuli. Hapo utakaa juu ya jiwe unafungua rili huku maji yakipita. Rili ya kawaida, ndogo na iliyofungika, hainipi shida hiyo mara kwa mara. Pia ni nyepesi, na ukiwa na rodi fupi ya kupenya vichakani unauhisi wepesi huo mchana kutwa. Halafu kuna bei. Rili ya kawaida yenye breki ya kibati kinachogonga meno ina sehemu chache sana za kuharibika. Ukiifungua utakuta springi moja au mbili, kipande cha chuma na gia ndogo. Fundi yeyote makini wa saa anaweza kuitengeneza. Kwa mito yetu hiyo ndiyo ninayompendekezea mtu, wala si kwa sababu ya kupenda vya kale.

Isipokuwa kwenye maziwa ya juu. Ziwa Alice, Ziwa Ellis, Rutundu na Michaelson yako zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, na kule baridi ya alfajiri huukakamaza mshipi wa plastiki mpaka unashika umbo la spuli na kukataa kuliacha. Unarusha, na mshipi unalala juu ya maji umejiviringa. Samaki akigusa nzi hujui, kwa sababu mapindi yanameza mguso wake kabla haujakufikia mkononi. Kunyoosha kunawezekana: unaufunga ncha kwenye kichaka, unautembeza wote, unauvuta polepole kwa mikono miwili mpaka uhisi unatanuka kidogo, unauachia. Kila mvuvi wa kule anapaswa kufanya hivyo asubuhi. Lakini kiini kipana hupunguza kazi hiyo sana, na kwa sababu hiyo tu, wala si kwa sababu ya mbio za samaki, kule juu ningekichukua. Trauti wa maziwa hayo pia huwa wakubwa kuliko wa mitoni na wana nafasi ya kukimbia, kwa hiyo unapata faida mbili kwa pamoja.

Ushuke sasa mpaka Watamu, Malindi au Shimoni, na kila nilichosema kuhusu mito kinageuka.

Msimu wa kaskazi unaleta sulisuli karibu na pwani yetu, na kuna manahodha wanaojua kumvua kwa nzi. Boti inavuta chambo zisizo na ndoana, sulisuli anazifuata kwa hasira, baharia anazivuta kumsogeza karibu na tezi, nyuma ya boti. Injini inatolewa gia, na mvuvi anarusha nzi mkubwa wa manyoya mbele ya mdomo wake. Yote hayo yanachukua muda mfupi. Samaki akishika, mshipi wote wa nzi unaondoka kabla hujamaliza kupumua, bekingi inaanza kutoka, na inaendelea kutoka. Hapo rili si kabati la mshipi tena. Kila kitu kinaitegemea. Sulisuli hukimbia, huruka, hugeuka akaja upande wa boti, hukimbia tena, na kila anapogeuka unahitaji kuukusanya mshipi kwa kasi. Na kila anapokimbia unahitaji breki ambayo haiongezeki yenyewe kadiri spuli inavyopungua. Sioni hoja yoyote ya kumvua samaki huyo na rili ya kiini chembamba. Watu walifanya hivyo zamani, wengine walifanikiwa, lakini lida nyingi zilikatika kwa sababu ya hesabu niliyoieleza hapo juu.

Kolekole mkubwa kwenye ukingo wa matumbawe ni tofauti kidogo. Haendi mbali kama sulisuli. Anataka kufika kwenye mwamba wake akusugulie lida pale mpaka ikatike. Kwake kasi ya kukusanya mshipi si hoja kubwa. Hoja ni breki nzito inayoachia bila kushtuka, na kiini kipana husaidia kuifanya itabirike. Mbuta naye, ambaye wenzetu wa Tanzania humwita sangara, huvuliwa kwa nzi chini ya maporomoko ya Murchison, Uganda, kwenye mkondo mkali wa Nile. Ni mzito, na mkondo unampigania. Kote huko swali la kujiuliza ni lilelile: je, samaki huyu ataifikia bekingi? Akiifikia, nunua kiini kipana. Asipoifikia, pesa yako itafanya kazi zaidi kwenye mshipi mzuri, kwa sababu mshipi ndio unaorushwa, na mshipi mbovu hautengenezwi na rili yoyote.

Na hapa niseme jambo ambalo lingewaokolea pesa wengi. Rili ya kawaida ikijazwa bekingi ya kutosha, mshipi wa nzi haukai tena kwenye kile kiini cha sentimita 2. Unakaa juu ya bekingi, na kitu unachouzungushia sasa kina sentimita 4 au 5. Mapindi yanapanuka na kila mzunguko wa mkono unaingiza mshipi mwingi zaidi. Rili nyingi za kawaida ninazoziona zikilalamikiwa zimejazwa nusu. Mwenye nayo aliweka mita chache za bekingi, akaweka mshipi, akaona kuna nafasi imebaki, akaiacha.

Namna ya kujua kiasi kinachotosha ni kufanya kazi kinyume. Zungusha mshipi wa nzi kwanza, ukianza na ile ncha ya mbele inayofungwa lida. Ukiisha, unga bekingi kwenye mkia wake na uendelee kuzungusha mpaka ibaki nafasi ya nusu sentimita kabla ya ukingo wa spuli. Kata. Kisha toa vyote, uvitandaze uani au uvizungushie spuli nyingine mbili, na uvirudishe kwa mpangilio sahihi: bekingi ifungwe kwenye kiini, mshipi wa nzi ufuate. Ni kazi ya saa nzima, inahitaji mtu wa pili wa kushika mwisho mwingine, na matokeo yake utayafurahia kwa miaka. Ile nusu sentimita usiipuuze. Spuli ikijaa mpaka ukingoni, mshipi unasugua nguzo za fremu na plastiki yake inachunika.

Wakati wa kuzungusha, bekingi ibane kwa vidole viwili juu ya kitambaa chenye unyevu ili iingie kwa mkazo. Ikiingia imelegea, samaki akivuta kwa nguvu mapindi ya juu yanazama ndani ya yale ya chini na kukwama, na mkwamo huo hutokea dakika mbaya kuliko zote. Bekingi nyembamba sana za siku hizi ndizo zinazozama zaidi. Zina sifa ya kuingia nyingi kwenye nafasi ndogo, lakini kwa mtoni sioni haja yake: bekingi ya kawaida ya Dakroni inayohimili ratili 20 ni nene kidogo, na unene huo ndio tunaoutaka chini ya mshipi.

Kiini kipana kina dai lake pia. Kwa kuwa katikati pamechukuliwa na uwazi, nafasi ya mshipi imepungua, na ili uingize bekingi ileile rili lazima iwe kubwa zaidi au pana zaidi. Spuli ikiwa pana, mshipi hupenda kurundikana upande mmoja unapoukusanya, maana rili za nzi hazina kifaa cha kuusambaza. Unausambaza mwenyewe kwa kidole kidogo cha mkono unaoshika rodi, ukiupeleka kushoto na kulia. Zoea hilo ukiwa nyumbani. Rundo likigusa fremu samaki mkubwa akiwa nje, spuli inasimama na lida inakatika.

Kwa anayevua baharini, chumvi inastahili kufikiriwa kabla ya umbo la kiini. Rili yenye breki iliyofungwa isiingize maji ni bora kuliko rili nzuri ya kiini kipana ambayo breki yake iko wazi. Kila jioni isuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi, bila kuipiga kwa mpira wa maji wenye nguvu, kwa sababu nguvu hiyo husukuma chumvi na mchanga ndani zaidi. Legeza breki kabla ya kuihifadhi. Mshipi nao usiuchanganye: ulioundwa kwa joto la tropiki ukiupeleka Ziwa Ellis utakuwa mgumu, na wa maji baridi ukiupeleka Watamu jua litaulegeza mpaka ushindwe kuteleza kwenye pete za rodi.

Kuna atakayeniambia ana pesa ya rili moja tu, na anataka mlimani na pwani. Rodi ya trauti na rodi ya kolekole haziwezi kutumia rili moja, kwa hiyo kwa mtu huyo swali halipo: anaanzia mlimani, na anaanza na ya kawaida iliyojaa. Akiwa mtu wa maziwa zaidi ya mito, achukue yenye kiini cha upana wa kati, ambacho kampuni nyingi hutengeneza, na aongeze spuli ya pili. Spuli moja ibebe mshipi unaoelea, nyingine unaozama, na pale ziwani atazibadilisha bila kufungua fundo lolote. Kabla ya kulipa, amuulize muuzaji kama spuli ya ziada ya rili hiyo inauzwa peke yake na kama bado inatengenezwa, maana rili nyingi za bei nafuu hutoka bila spuli ya pili, na mtindo ukibadilika mwaka unaofuata hutaipata tena.